Shajara ya Mradi: Kupima Ubora wa Utomvu wa Mepo kabla ya Kupika Shira Nyumbani

Shajara hii inafuatilia msimu mmoja wa kugema miti ya mepo (maple kwa Kiingereza) iliyo nyuma ya nyumba, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Vermont nchini Marekani, na kupika shira kutokana na utomvu wake. Maelekezo ya kutoboa mti na kuchemsha yanapatikana kwa urahisi. Swali lililonifanya niandike ni jingine: utomvu uliomo ndooni leo unastahili kuni zitakazouchemsha, au umwagwe? Waswahili na Wakongomani wanaoishi Vermont na Maine, ambao wengi wamepakana na miti hii bila kuigusa, wataweza kufuata hatua hizi kwa vifaa vya bei ya kawaida.

Februari 17: Miti na vifaa

Miti niliyo nayo ni mitano. Minne ni mepo wa sukari, nayo nimeipa herufi A hadi D. Wa tano, ulioota penye unyevu karibu na mtaro, ni mepo mwekundu, nao ni E. Wakati wa baridi majani hayapo, kwa hiyo miti hutambuliwa kwa matumba yake: ya mepo wa sukari ni membamba, yamechongoka na yana rangi ya kahawia, ilhali ya mepo mwekundu ni ya mviringo na mekundu. Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mepo mwekundu huwahi kuchipua, na mti ukianza kuchipua utomvu wake huharibika ladha. Vigogo vyote vina kipenyo kinachozidi sentimita 30, na A, uliosimama peke yake uwanjani wenye matawi mapana, una nafasi ya kutosha kubeba matundu mawili.

Gharama ni hizi: ndoo za plastiki za chakula pamoja na vifuniko, dola 45, mirija, dola 22, keekee ya milimita 8, dola 9, refraktomita ya mkono (kipimo cha sukari ya utomvu), dola 32, haidromita ya shira (kipimo kinachoelea cha ukolezi wa shira) na kikombe chake, dola 38, kipimajoto, dola 18, vitambaa vya kuchujia, dola 20, sufuria mbili pana za chuma kisichoshika kutu, dola 60. Jumla ni dola 244. Jirani alinipa bure ndoo za zamani za mabati, nikamshukuru nikaziacha ghalani, kwa kuwa ndoo za enzi hizo ziliungwa kwa risasi.

Machi 2: Kutoboa

Kimila wakulima wa Vermont walitoboa miti karibu na Siku ya Mkutano wa Mji, ambayo ni Jumanne ya kwanza ya Machi, ingawa siku hizi wengi hutangulia. Kinachoamua ni hali ya hewa: usiku joto lishuke chini ya sifuri, mchana lipande hadi nyuzi 4 au 7 za Selsiasi. Kuganda na kuyeyuka huko ndiko kunakojenga msukumo ndani ya shina, na bila hiyo utomvu hautiririki.

Tundu lina kina cha sentimita 4 na huelekea juu kidogo ili utomvu utoke wenyewe. Ukaguzi wa ubora huanzia hapa, kwenye vumbi la mbao linalotoka na keekee. Vumbi jeupe au la rangi ya maziwa ni dalili ya mti hai. Kwenye C lilitoka la kahawia, yaani keekee ilikuwa imeingia kwenye mbao iliyokufa kuzunguka jeraha la miaka iliyopita, na tundu la namna hiyo hutoa utomvu haba unaobadilika rangi mapema. Nilitoboa jingine upande wa pili wa shina, vumbi likatoka jeupe, nikahamishia mrija huko. Tundu la kwanza liliachwa wazi, kwa sababu mti hufunga kidonda chake wenyewe na kizibo huhifadhi unyevu na ukungu.

Machi 7: Kiwango cha sukari, na barafu inayodanganya

Refraktomita huonyesha Brix, yaani gramu za viyeyushwa, ambavyo karibu vyote ni sukari, katika kila gramu 100 za utomvu. Kwa kawaida utomvu wa mepo huwa na asilimia 2 hivi. Kuna kanuni ya 86, inayohusishwa na C. H. Jones, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Vermont, ambayo hurahisisha hesabu: ukigawanya 86 kwa Brix unapata lita za utomvu zinazotakiwa kwa lita moja ya shira.

Kipimo cha kwanza cha A kilisoma 4.6, kiwango ambacho kingemfurahisha yeyote asiyeangalia ndani ya ndoo. Nusu ya ndoo ilikuwa barafu. Utomvu unapoganda, maji ndiyo yanayotangulia kuwa barafu na sukari husukumwa kwenye kimiminika kinachobaki, kwa hiyo tone lililochotwa pembeni mwa barafu lilikuwa tamu kuliko utomvu wenyewe. Barafu ilipoyeyuka na ndoo kukorogwa, A ilisoma 2.8, B 2.2, C 2.1, D 2.3 na E 1.6. Kwa kanuni ya 86, A unahitaji lita 31 kwa lita moja ya shira, ilhali E unahitaji karibu lita 54, na kuni ni zile zile. Barafu yenyewe ilipoyeyushwa peke yake ilisoma 0.5. Kuitupa ni kupoteza sukari kidogo na kuokoa kuni nyingi, nami nimeamua kuitupa kila inapokuwa kubwa, mradi kipimo cha sukari cha mti kimeshachukuliwa kabla.

Tatizo la pili lilikuwa la chombo. Refraktomita hii hurekebisha joto kati ya nyuzi 10 na 30 tu, nayo ilikuwa imelala barazani kwenye baridi ya chini ya sifuri. Ilipojaribiwa kwa maji yaliyotoneshwa (maji safi yatokanayo na mvuke uliopozwa) ilisoma 0.4 badala ya sifuri. Kwa kitu chenye sukari nyingi kosa hilo ni dogo. Kwa utomvu ni kubwa mno: anayesoma 2.2 atatarajia lita 39 kwa lita moja, kumbe utomvu ni 1.8 na kazi inayomngoja ni ya lita 48. Sasa chombo hukaa ndani ya nyumba, hurekebishwa hadi sifuri kila asubuhi kwa maji yaliyotoneshwa, na sampuli huachwa kwenye kikombe kilichofunikwa mpaka ifikie joto la chumba ndipo ipimwe.

Machi 10: Mpiko wa kwanza

Lita 58 zenye wastani wa 2.3 zilichemshwa nje juu ya matofali ya saruji, kwani mvuke mwingi kiasi hicho ndani ya nyumba hubandua karatasi za ukutani. Maji yalichemka kwa nyuzi 99.6 asubuhi hiyo, hivyo shira ilihesabiwa kuiva kwa nyuzi 103.6, yaani nyuzi 4 juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji siku hiyo hiyo, na haidromita ikathibitisha Brix 66.9 inayotakiwa kisheria Vermont. Ilichujwa ikiwa moto ili kuondoa mchanga wa sukari, madini yanayojitenga utomvu unapokolea, kisha ikatiwa kwenye chupa kwa nyuzi 85. Nilipata lita 1.5, yenye rangi ya dhahabu na ladha nyepesi, karibu sawa na makadirio.

Machi 16: Joto, na utomvu uliochafuka

Kwa siku kadhaa joto la mchana lilipanda hadi nyuzi 14 na usiku haukuganda. Madumu yaliyokuwa yamefukiwa kwenye theluji upande wa kaskazini wa nyumba yalibaki wazi theluji ilipoyeyuka, na yaliyomo yakabadilika. Utomvu uliokuwa safi kama maji ya kunywa ukawa na ukungu mweupe.

Refraktomita iliendelea kusoma 2.2, kana kwamba hakuna kilichotokea, na jambo hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote yaliyotangulia. Ndani ya mti utomvu hauna vijidudu, lakini unapotoka tunduni hukutana na bakteria na hamira walioko kwenye mrija, ndooni na hewani, na kadiri unavyopata joto ndivyo wanavyozaliana. Vimeng'enya vyao hukata sukrosi, ambayo ndiyo karibu sukari yote ya utomvu mpya, kuwa glukosi na fruktosi. Viyeyushwa havipungui, kwa hiyo Brix haishuki, na mwenye kutegemea chombo hicho peke yake ataamini utomvu ni ule ule. Kumbe glukosi na fruktosi hubadilika rangi upesi zaidi katika moto, na ndiyo sababu shira ya mwisho wa msimu huwa nyeusi kuliko ya mwanzo.

Ili kupima kuchafuka bila kubahatisha, nilichukua chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka, nikaijaza utomvu na kuiweka mbele ya ukurasa uliochapishwa. Kama maandishi yanasomeka vizuri, utomvu hutunzwa kwa baridi na kuchemshwa kwa zamu yake. Yakififia lakini yakasomeka, uchemshwe siku hiyo hiyo na peke yake. Yasiposomeka kabisa, pua ndiyo inayoamua, na harufu ya uchachu inatosha kuumwaga.

Madumu mawili yaliangukia kundi la kati. Lita 36 zilizokuwemo zilitoa povu jingi, lililotulizwa kwa tone la siagi, na zikazaa lita 0.9 ya shira nyeusi yenye ladha nzito, isiyo na kasoro yoyote puani wala mdomoni. Kama ningeumwaga utomvu huo kwa kufuata macho tu, ningepoteza shira nzuri. Dumu la tatu lilikuwa habari nyingine: utomvu wake ulivutika kama mlenda kila mwiko ulipoinuliwa, kwa sababu ya utando unaotengenezwa na bakteria fulani, na hata ukichemshwa huzaa shira yenye nyuzinyuzi. Lilimwagwa lote, na hasara ni lita 18 hivi.

Marekebisho yalikuwa rahisi. Ndoo humwagwa madumuni kila siku, hata zikiwa na kidogo. Madumu hukaa kwenye pipa lililojazwa theluji iliyoshindiliwa, chini ya nyuzi 4, na hakuna dumu linalolala zaidi ya siku mbili au tatu. Ndoo na mirija husuuzwa kwa maji ya moto pekee bila sabuni ya manukato, kwa maana harufu hiyo huhamia kwenye shira. Utomvu huchujwa kwa kitambaa wakati wa kukusanya ili kuondoa vipande vya magome na wale wadudu weusi wadogo wa theluji waliojaa ndooni siku za jua. Hawaharibu ladha, ila wakiachwa humo huoza.

Machi 30: Utomvu safi uliozaa shira mbaya

Mipiko ya katikati ya mwezi ilikwenda vizuri na kutoa lita 2.4 za rangi ya kaharabu. Mpiko wa jana ulikuwa wa lita 47, na kati ya hizo lita 9 zilitoka kwa E, mepo mwekundu. Utomvu wake ulipita mtihani wa chupa kwa urahisi, kwa kuwa maandishi yalisomeka kama kupitia maji ya bomba. Brix ilikuwa 1.6. Ulikuwa wa siku hiyo hiyo na wa baridi. Kwa vigezo vyote nilivyokuwa navyo, haukuwa na dosari.

Sufuria ilipokaribia kuiva, mvuke ulibadilika. Harufu ya vanila na mbao iliyozoeleka ilifunikwa na kitu kizito chenye sura ya kabichi iliyochemshwa kupita kiasi, na shira ilipopoa ikaonjwa, ladha ilianza na utamu wa peremende ya chokoleti ya bei rahisi kisha ikaishia kwenye uchungu unaoganda ulimini. Nilirudi kwenye E na kutazama juu: matumba yake yalikuwa yamevimba na kuanza kuonyesha wekundu wa maua, ilhali ya miti minne mingine yalikuwa bado yamefumba.

Watengenezaji wa shira huiita ladha ya matumba. Mti unapojiandaa kuchanua, mchanganyiko wa asidi amino katika utomvu hubadilika, na asidi hizo zinapokutana na moto na sukari hutoa harufu hiyo. Kabla ya moto hakuna kinachoonekana wala kunuka sana, ndiyo maana macho na refraktomita havikuwa na la kusema. Nilijaribu kuichemsha sehemu yake zaidi na kuichuja mara ya pili kwa felti ya sufu, bila mafanikio yoyote. Lita 38 nzuri za mepo wa sukari ziliharibiwa na lita 9 za jirani yake, na lita 1.1 ya shira ikaenda na maji.

Aprili 2: Mtihani wa sufuria ndogo

Tangu siku hiyo hakuna utomvu unaoingia kwenye sufuria kubwa kabla ya kupita kwenye moto mdogo. Kikombe kimoja, karibu mililita 250, huchukuliwa kutoka kila ndoo, na ndoo za miti tofauti hazichanganywi kabla ya jibu kupatikana. Huchemshwa jikoni kwenye sufuria safi isiyo na kifuniko, pua ikiwa juu ya mvuke mara unapoanza kuchemka, kwa sababu harufu nyingi mbaya hujitokeza katika dakika za mwanzo. Kisha hupunguzwa mpaka kibaki kiasi cha vijiko vichache, kipoe, kionjwe. Hakifiki kuwa shira, lakini kimekolea vya kutosha kusema ukweli.

Leo ndoo ya E ilitoa harufu ya kabichi hata kabla ya kupungua nusu, na mrija wake ukang'olewa papo hapo. A, B na D zilitoka safi. C ilinitatanisha: haikuwa na harufu ya matumba, ila ilionja kama karatasi ngumu iliyoloa. Ladha hiyo huweza kujitokeza katikati ya msimu baada ya siku za joto, hata matumba yakiwa yamefumba, na hutokana na mabadiliko ndani ya mti wenyewe wala si uchafu wa ndoo. Niliusubirisha utomvu wa C. Usiku uliofuata uliganda sana, na utomvu mpya uliotoka baada ya hapo ulipita mtihani. Ule wa awali nikaumwaga.

Mtihani mzima huchukua chini ya nusu saa kwa ndoo zote zikiwekwa pamoja jikoni, na gesi yake ni ya senti chache. Laiti ningekuwa nao tangu Machi, ningeokoa mpiko mzima. Ningemshauri anayeanza aununulie sufuria ndogo kabla hata ya refraktomita, kwa kuwa refraktomita hujibu ni shira kiasi gani itapatikana, wala haijibu kama italika.

Aprili 9: Kufunga msimu

Vyura wadogo wameanza kulia mtaroni usiku. Wakulima wa hapa huutumia mlio huo kama kengele ya kufunga kazi, na safari hii ulilingana na vipimo: utomvu wa B na D umegeuka manjano ukitoka mrijani, kabla hata haujakaa ndooni, na A pekee ndiyo iliyopita mtihani wa sufuria ndogo. Mpiko wa mwisho, wa A peke yake, ulitoa lita 0.6 ya shira nyeusi sana. Mirija yote imeng'olewa, matundu yameachwa wazi, na vifaa vimesuuzwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, maana unyevu utakaobaki leo ndio utakaokuwa bakteria wa mwakani.

Aprili 24: Chupa zimefunguliwa

Shira iliyosalia ni lita 5.4. Gharama ni dola 244 za vifaa na dola 14 za gesi ya kumalizia na ya majaribio, yaani karibu dola 48 kwa lita. Shira ya dukani ni rahisi kuliko hiyo kwa mbali, ingawa vifaa vitadumu na kuni zilikuwa za mti ulioanguka wenyewe.

Niliwaonjesha watu wa nyumbani bila kuwaambia ipi ni ipi. Ya dhahabu ya mpiko wa kwanza ilisifiwa kwa rangi na ikasahaulika. Iliyogombewa ni ile nyeusi ya Machi 16, iliyotokana na utomvu wenye ukungu, hasa ilipomwagiwa juu ya kaimati, ambako ya dhahabu ilimezwa na mafuta. Tangu mwaka 2014 Vermont hutumia madaraja manne ya rangi, kutoka dhahabu hadi nyeusi sana, na yote manne ni ya daraja la mezani mradi hayana ladha mbaya, jambo linalolingana na nilichokiona. Weusi hauna hatia. Kabichi ndiyo yenye hatia.

Mabadiliko ya msimu ujao yameshaamuliwa. E utapewa ndoo yenye kifuniko cha rangi tofauti, utagemwa mwanzoni tu, na utafungwa matumba yakianza kuvimba hata kama mtihani haujasema kitu. A utapata tundu la pili, ambalo mwaka huu sikulitumia. Pipa la theluji litahamia kivulini chini ya ngazi za nyuma, ambako theluji ya mwaka huu ilidumu mpaka wiki iliyopita.